Ngoma na Sanamu: Nafasi ya Falsafa katika Kuuelewa Utamaduni na Sanaa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani wa Runazi katika sherehe za kumbukumbu ya hekalu)

 

Kamati ya Hekalu imenipa heshima ya kuzungumza juu ya nafasi ya falsafa katika kuuelewa utamaduni na sanaa. Mada hii ingemfaa zaidi mhadhiri wa chuo kikuu. Mimi ni mfanyabiashara. Shule yangu iliishia sekondari, na yaliyosalia nimeyaokota vitabuni na katika mazungumzo ya barazani mwa duka. Nimekubali kusema kwa sababu mwaka huu mada yenyewe imetujia mlangoni bila kuitwa.

Wengi wenu mnafahamu kwamba, tunapojiandaa kwa Navratri, yaani zile siku tisa za kumtukuza Mama wa Ulimwengu, lililetwa pendekezo kuwa wapiga ngoma wa hapa kijijini waalikwe kupiga ngoma zao uani mwa hekalu usiku wa kucheza garba. Wapo waliolipokea kwa furaha. Wapo waliosita, wakasema ngoma zile zimewambwa kwa ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe kwetu sisi Wahindu ni mama. Na kwa upande wa pili, baadhi ya majirani zetu nao walisita, wakauliza: je, kupiga ngoma mbele ya masanamu si kuyaabudu? Kamati haijatoa uamuzi. Nami sikuja kuitangulia Kamati. Nimekuja kuonyesha kwamba maswali yale mawili ni maswali ya falsafa, na kwamba tusipoyafikiri kwa utaratibu tutaishia kununiana kwa heshima, kila mtu nyuma ya ua wake.

Maneno na asili yake

Neno "falsafa" lilizaliwa kwa Wayunani, kwa maana ya kupenda hekima, likapitia kwa Waarabu ndipo likatufikia Waswahili. "Sanaa" nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kutengeneza, yaani kazi ya fundi. "Utamaduni" lina shina moja na "madina", yaani mji. Asili hiyo isitupumbaze tukadhani kuwa utamaduni ni mali ya watu wa mijini na kwamba sisi wa Runazi, tulio kati ya Biharamulo na Ngara, hatunao.

Sasa sikilizeni neno la kwetu. Mhindu anapotoka nyumbani asubuhi kwenda hekaluni husema anakwenda kupata "darshan", yaani kumwona Mungu na kuonwa naye. Neno hilo hilo moja, tangu zama za kale, ndilo jina la falsafa. Zile shule sita za fikra za Kihindu, yaani Nyaya, Vaisheshika, Sankhya, Yoga, Mimamsa na Vedanta, zote huitwa darshan. Wazee wetu hawakuona tofauti kubwa kati ya kuitazama sanamu kwa moyo uliotulia na kulichunguza jambo kwa akili iliyotulia. Yote mawili kwao yalikuwa ni kuona.

Mwanahistoria akiichukua ngoma hutuambia iliundwa lini. Fundi hutuambia imeundwaje. Mfanyabiashara kama mimi hutaja bei yake. Mwanafalsafa huleta maswali mengine, nami nitayafupisha kuwa matatu. La kwanza: kitu hiki hasa ni nini? La pili: kinamfanya nini mwanadamu? La tatu: je, ni haki? Niruhusuni niyafuate kwa zamu, nikianza na nyumba yetu wenyewe kabla sijaingia kwa jirani.

Sanamu ni nini?

Jirani anapoingia hekaluni huona jiwe lililochongwa, likavishwa nguo na kupambwa maua. Macho yake hayamdanganyi; ni jiwe kweli. Mchongaji alipolimaliza lilikuwa kazi ya mikono yake, kama kinyago chochote. Kisha hufanyika ibada iitwayo "prana pratishtha", yaani kuiweka pumzi, na ndani yake macho ya sanamu hufunguliwa. Kuanzia hapo twaiita murti, twaiamsha asubuhi, twaiandalia chakula, twailaza usiku. Ukilipima jiwe kwa mizani kabla ya ibada na baada yake, uzito ni ule ule. Kilichobadilika ni uhusiano wake na watu, na, kwa imani yetu, na Mwenyezi Mungu.

Tena tunazo murti za udongo ambazo hukaa siku chache tu. Ganesh hufinyangwa, hualikwa, huheshimiwa, kisha hupelekwa mtoni na kuachwa ayeyuke. Mtu anayedhani kuwa udongo ule ndio Mungu mwenyewe asingethubutu kumzamisha. Anayeuzamisha anajua kuwa umbo ni mgeni na asiye na umbo ndiye mwenyeji.

Lakini nisiwape majirani picha ya uongo kwamba Wahindu wote twasema jambo moja. Swali la sanamu limegombaniwa ndani ya nyumba yetu kwa karne nyingi. Shankara, katika karne ya 8, alifundisha kuwa Ukweli wa mwisho hauna sifa wala sura. Ramanuja, aliyemfuata baada ya karne tatu, alijibu kuwa Mungu, kwa huruma yake, hukubali kukaa ndani ya murti ili mja wa kawaida aweze kumfikia. Kisha akaja Mgujarati mwenzetu, Dayananda Saraswati, aliyezaliwa Tankara mwaka 1824. Yeye alizikataa sanamu kabisa, na mwaka 1875 akaanzisha Arya Samaj huko Bombay. Jumuiya hiyo ilifika Nairobi mwaka 1903, na hadi leo wafuasi wake huabudu mbele ya moto mtakatifu bila sanamu yoyote.

Basi jirani anayetuuliza, "Kwa nini mna masanamu?" asidhani ametukana, nasi tusidhani tumetukanwa. Ameingia katika mjadala ambao wajuzi wetu wenyewe waliufungua. Tumpe kiti na tumpe majibu.

Ngoma ni nini?

Tugeuke sasa tuvuke ua. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita nchi aliyoiita Speke Usui, ambayo ndiyo Rusubi yetu, kwa mtawala Suwarora, ambako walicheleweshwa kwa ajili ya hongo. Kutoka hapo walielekea kaskazini hadi Karagwe kwa Rumanyika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke anasimulia habari aliyopewa na Rumanyika mwenyewe. Baba yake alipofariki, wana walishindania kiti. Iliwekwa mbele yao ngoma ndogo yenye dawa ndani yake. Mwenye haki ya kutawala ndiye peke yake angeweza kuiinua. Ndugu zake walishindwa. Rumanyika akaiinua kwa wepesi.

Mgeni aliyeziona ngoma za nchi hizi za Maziwa Makuu aliona mti na ngozi, kama jirani yetu anavyoona jiwe. Lakini sikilizeni lugha zenyewe. Katika Kirundi na Kinyarwanda, "ingoma" ni ngoma, na "ingoma" hiyo hiyo ni ufalme, ni kipindi cha mtu kutawala. Huko Burundi, ambako Bugufi ya Ngara ilikuwa chini ya wafalme wake kabla wakoloni hawajachora mipaka, ngoma kuu iliyoitwa Karyenda ndiyo iliyoushikilia ufalme. Mti unaochongwa ngoma hizo huitwa "umuvugangoma". Na sehemu za ngoma zina majina ya mwili wa mama: vigingi vinavyoishika ngozi huitwa matiti, mwili wake huitwa tumbo, na pana sehemu iitwayo kitovu. Kwa hiyo ngoma ni mama, na mdundo wake ni uhai wa nchi.

Nilipoyasoma hayo nilikumbuka neno letu "garba". Shina lake ni "garbha", yaani tumbo la uzazi. Usiku wa Navratri tunaweka chungu cha udongo chenye matundu, ndani yake taa inawaka, na kina mama na mabinti hucheza kwa kukizunguka. Chungu ni tumbo na taa ni uhai ulio ndani yake. Na chumba cha ndani kabisa cha hekalu, anapokaa Mungu, huitwa "garbhagriha", nyumba ya tumbo la uzazi. Wafinyanzi wa Gujarat na wachonga ngoma wa nchi hizi hawakuwahi kukaa pamoja kupanga jambo hili. Kila upande, kwa njia yake, ulipotafuta umbo la kuuelezea uhai, ulichukua chombo chenye uwazi ndani kikaitwa mama.

Sasa lipo jambo ambalo vijana wangependa kulijua. Tarehe 10 Desemba 1962, siku Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa na vijana, kwa kuwa aliona watu wake walikuwa wamefundishwa kuzidharau ngoma zao. Mwaka uliofuata, 1963, utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Serikali ile ile iliyotaka ngoma ipigwe ndiyo iliyomwondoa mwenye ngoma, na kila uamuzi ulikuwa na sababu zake. Ngoma ikahama kutoka nyumba ya mkama hadi uwanja wa mkutano.

Chukueni ngoma moja ya mtawala, muitazame mwaka 1962 na muitazame tena mwaka 1964. Mti ni ule ule, ngozi ni ile ile, sauti ni ile ile. Mwanzo ilikuwa ufalme. Baadaye ikawa burudani, au kumbukumbu, au mali ya makumbusho. Hakuna rula wala mizani inayoweza kuipima tofauti hiyo, kama vile hakuna inayoweza kuipima tofauti ya jiwe na murti. Swali la falsafa, "Hiki ni nini?", ndilo peke yake linaloigusa. Hapo ndipo ninapoiona nafasi ya kwanza ya falsafa katika masomo ya utamaduni: hutuzuia tusidhani kuwa tumekijua kitu kwa kuwa tumekigusa.

Sanaa inamfanya nini mtu?

Swali la pili nitalipita kwa kifupi. Huzuni ya msiba humtesa mtu. Huzuni ya wimbo humtuliza, hata akaomba wimbo urudiwe. Kwa nini? Wahindu wa kale walilichunguza jambo hili katika kitabu cha Natyashastra, ambacho mapokeo humtaja Bharata kuwa mtunzi wake. Walisema sanaa huikamua hisia ya kawaida ikatoa "rasa", neno lenye maana ya utomvu, maji ya tunda, ladha. Kitabu kinataja rasa nane: mapenzi, kicheko, huruma ya huzuni, hasira, ushujaa, hofu, karaha na mshangao. Baadaye Abhinavagupta wa Kashmir, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliitetea ya tisa, utulivu, akaona kuwa nyingine zote hurejea humo. Alieleza kwamba mtazamaji huonja huzuni isiyo ya kwake binafsi. Kwa muda ule husahau "mimi" na "changu".

Kama maelezo hayo ni ya kweli, basi sanaa inaweza kufanya kazi ambayo mikutano yetu ya usuluhishi aghalabu inashindwa kuifanya. Watu wawili waliokaa chini ya mdundo mmoja wameonja kitu kimoja, hata kama hawajakubaliana lolote.

Wala tusidhani kuwa fikra hizi ni za India na Ulaya tu. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe hapa hapa ziwani, aliandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1985 nchini Marekani juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kuifasiri fasihi. Baadaye alitoa riwaya zake Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, ambazo msomaji hawezi kuzifungua bila kuuliza maswali ya kuwako, kifo na ukweli. Alifariki mwaka 2020. Mtu wa ziwa hili alituonyesha kuwa Kiswahili kinaubeba mzigo huo bila kuyumba.

Je, ni haki?

Nafika kwenye swali la tatu, ambalo ndilo gumu, na ndilo linalotugusa mwaka huu.

Padri Alexis Kagame wa Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, alichapisha mwaka 1956 kitabu alimoitafuta falsafa ya watu wake katika sarufi ya lugha yao: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, mtu, kitu, mahali na wakati, namna. Ni kazi kubwa. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin aliipinga njia hiyo, akisema falsafa haiwezi kuwa mali ya kabila zima lililolala ndani ya sarufi. Falsafa ni hoja ya mtu mwenye jina, anayekubali kujibiwa. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatafuta njia ya katikati. Alikwenda vijijini kwa wazee, akawahoji. Aligundua kuwa wazee wenye hekima wako wa aina mbili. Yuko anayejua desturi yote na kuisimulia bila kukosea. Na yuko anayeijua kisha akathubutu kuuliza kama ni njema. Huyu wa pili Oruka alimwita mwanafalsafa, hata kama hakusoma darasa moja.

Twapenda kusema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ni kweli. Lakini mzee wa pili wa Oruka angeuliza: mila ipi, na ni nani anayeumia kwayo?

Tuanze tena na nyumba yetu. Wenzetu wanaosita kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe nawaheshimu, na nimewasikiliza kwa makini. Nimegundua kuwa ndani ya kinywa kimoja mna pingamizi mbili. Ya kwanza yasema: ng'ombe ni mama, amechinjwa, nami siwezi kufurahia mdundo wa ngozi yake. Hiyo ni ahimsa, kutokudhuru kiumbe, na ni johari ya dini yetu. Ya pili yasema: ngozi ni najisi, na aishikaye ni najisi. Hiyo ni habari nyingine kabisa.

Itazameni mridangam, ngoma inayoheshimiwa kuliko zote katika muziki wa kale wa India ya Kusini. Jina lake lina maana ya mwili wa udongo, lakini siku hizi huchongwa kwa mti wa mfenesi, na nyuso zake huwambwa kwa ngozi ya mbuzi, ya nyati wa kufugwa na ya ng'ombe. Muziki wake hupigwa katika sifa za miungu. Mwaka 2020 mwimbaji T. M. Krishna alitoa kitabu kiitwacho Sebastian and Sons kuhusu mafundi wanaoiunda. Wengi wao ni Wadaliti, watu ambao kwa karne nyingi waliitwa wasioguswa, na wamo miongoni mwao Wakristo. Wapigaji wake mashuhuri, kwa sehemu kubwa, ni Wabrahmini. Taasisi moja kubwa ya sanaa huko Chennai iliyokuwa imetoa ukumbi wa kukizindulia kitabu hicho iliuondoa. Sauti ya ngozi ilikuwa imekaribishwa siku zote. Kilichokuwa kigumu ni kulitaja jina la aliyeichuna.

Na pingamizi ya unajisi haikuishia kwenye ngozi. Iliwafungia watu milango ya mahekalu. Himaya ya Travancore iliwafungulia Wahindu wa tabaka zote mahekalu ya serikali mwaka 1936. Katiba ya India ya mwaka 1950, kifungu cha 17, iliufuta utengano huo. Hata hivyo, mwezi Julai 2016, huko Una katika Gujarat yetu, vijana wa Kidaliti walicharazwa hadharani kwa sababu ya kuchuna mzoga wa ng'ombe. Waliowacharaza walidai kumlinda mama. Walishika jina la ahimsa kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu Wahindu tuzitenge pingamizi hizo mbili, kama mtu anavyopepeta mchele. Anayeugua moyoni kwa ajili ya ng'ombe, tumwache na ugonjwa wake mwema, asilazimishwe kukaribia. Lakini anayesema fundi wa ngoma ni najisi, tumwambie kwa upole kuwa neno hilo halina nafasi tena mlangoni mwa hekalu hili.

Na ng'ombe mwenyewe, je, jirani humdharau? Miongoni mwa hazina za watawala wa Karagwe huko Bweranyange zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Ng'ambo ya Rusumo, kina mama wa Kirehe huchora kwa samadi ya ng'ombe mapambo ya pembe na mistari yaitwayo "imigongo". Nasi huko Gujarat, mama zetu walisiriba sakafu kwa samadi hiyo hiyo kabla ya ibada, na mahekalu yetu ya Shiva yana sanamu ya fahali Nandi mlangoni. Hawa ni watu waliomweka ng'ombe katikati ya heshima yao kama sisi. Tumetofautiana katika jambo moja zito, la kumchinja. Tofauti hiyo ni ya kweli na sitaifunika kwa maneno matamu. Lakini ni tofauti kati ya watu wawili wanaomheshimu kiumbe mmoja.

Sasa niwageukie majirani, kwa ruhusa ya wazee wao. Ninyi nanyi mna swali la tatu. Nimesema ngoma ya Burundi ina tumbo la mama na matiti ya mama. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mwezi Oktoba 2017, amri ya serikali ya huko iliwakataza wanawake kuipiga. Upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, Odile Gakire Katese aliwakusanya wanawake tangu mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari, akaunda kikundi cha Ingoma Nshya. Walikuwamo wajane na yatima, na walikuwamo wanawake wa pande zote mbili za msiba ule. Maana ya jina hilo ni ngoma mpya. Na kwa kuwa ninyi mnaijua lugha, mnajua kuwa ni pia utawala mpya. Nchi mbili, ngoma moja, majibu mawili. Sisi tulio kando ya mpaka twaweza kufikiri wenyewe. Sitawafundisha mila yenu. Naomba tu mlikubali swali, kama sisi tulivyolikubali letu.

Tufanye nini?

Ninayo mapendekezo manne, nami nayaweka mbele ya Kamati.

Kwanza, wapiga ngoma waalikwe, na ngoma zao zikae uani, karibu na chungu cha garba. Chumba cha ndani kina taratibu zake, ambazo jirani anaziheshimu kama sisi tunavyovua viatu msikitini. Ua ni mahali pa kukutana, na mnajua wasemavyo wahenga: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Pili, kabla ya fimbo ya kwanza kupiga, mzee mmoja wa ngoma atueleze ngoma yao ni nini, na mama mmoja, ambaye kwa Kigujarati twamwita "ba", awaeleze chungu chetu ni nini. Dakika kumi kwa kila mmoja. Na fundi aliyeiwamba ngoma atajwe kwa jina na aketi mbele pamoja na wageni wa heshima.

Tatu, anayezuiwa na dhamiri yake, Mhindu au jirani, asisengenywe. Arti ya jioni itakuwa ndani ya hekalu kabla ya ngoma kuanza. Anayependa ahudhurie hiyo peke yake. Na jirani Mwislamu au Mkristo ajue kuwa kupiga ngoma uani hakumhesabu kuwa ameabudu. Ibada kwetu ni ya nia, na hakuna anayeweza kutiwa nia na mwenzake.

Nne, vijana wenye simu za kurekodi wawatembelee wazee wa Kihangaza, Kishubi, Kizinza na Kigujarati, wayahifadhi maelezo ya ngoma, vikapu, nyimbo na sikukuu. Lakini wakifika wasiulize tu, "Mlifanyaje?" Waulize pia, "Kwa nini?" na baada ya hapo, "Je, mzee, wewe mwenyewe uliona ni sawa?" Rekodi zenye swali la kwanza peke yake zitatupatia makumbusho. Zenye maswali yote matatu zitatupatia shule. Na jambo hili lifanywe upesi, maana wazee wanaoweza kujibu swali la tatu hawaongezeki.

Ndugu zangu, biashara imenifundisha kwamba bei ya kitu hujulikana asubuhi moja, lakini thamani yake huchukua miaka kujulikana, na mara nyingi huonekana baada ya kitu chenyewe kupotea. Ngoma nyingi za watawala wa nchi hizi zimekwisha kuliwa na mchwa, au ziko nchi za mbali ndani ya makabati ya vioo. Murti nyingi za babu zetu ziliuzwa kama mapambo ya sebule. Vilivyobaki mikononi mwetu, huku na huko kwa majirani, havihitaji walinzi wa kuvifungia. Vinahitaji watu wanaoweza kueleza ni nini, vinamfanya nini binadamu, na kama vinamtendea haki kila mtu.

 Mwenyezi Mungu, kwa jina lolote mnalomwitia, aijaalie Runazi mvua ya wakati na amani ya kudumu.